Daftari la Karakana

Mkulima wa pamba wa Bariadi hahitaji kuelezwa maana ya mizani. Miezi yote ya kupanda, kupalilia, kupuliza dawa na kuchuma inaishia pale mzigo unapopimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wazee wetu wa Usukuma walichoka kupunjwa, wakachagua watu wao wasimame kando ya mizani ya mnunuzi kuhakiki uzito. Paul Bomani aliwaunganisha, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Ushirika ule mkubwa ulianzia kwenye jambo dogo: mwenye jasho aone kipimo kwa macho yake.

Mimi nilichelewa kulielewa jambo hilo. Niliongoza vijana sita katika karakana tulimokuwa tukitengeneza mashine ndogo ya kupandia pamba, ya kusukuma kwa mkono. Niliwaambia tangu siku ya kwanza kwamba hapa hakuna bosi, kila mmoja aamue. Hawakuamua. Kila asubuhi walinisubiri nifike ndipo waulize tuanze na nini. Nikawaona wavivu wa kufikiri, na hukumu hiyo inaniuma hadi leo.

Malalamiko ya wakulima nilikuwa nayaandika mwenyewe katika daftari langu, nalo lilikaa nyumbani kwangu. Lalamiko kubwa lilikuwa moja: mbegu zinakwama. Kila mara nilihitimisha kwamba mkulima hajui kutumia mashine.

Siku moja nilisafiri, nikamwachia kijana mmoja daftari lile ili apokee wateja. Niliporudi nilikuta mashine imefunguliwa, vipande viko sakafuni, na vijana wanabishana kwa sauti kubwa. Walikuwa wamesoma kurasa zote. Mmoja wao, aliyelelewa na bibi yake kijijini, alikumbuka kwamba bibi hupekecha mbegu kwa majivu na maji kidogo kabla ya kupanda, kwa sababu mbegu ya pamba isiyoondolewa manyoya hushikana. Mashine yetu ilikuwa imetengenezwa kana kwamba inapanda mahindi! Walipanua tundu, wakaweka kijiti cha kuvuruga mbegu ndani ya kopo, kisha wakakubaliana kila mashine iuzwe pamoja na maelezo ya majivu. Hawakuniomba ruhusa, wala haikuhitajika.

Tangu hapo nimeyatazama upya makundi ya kulima kwa ngoma, bugobogobo tuliyoikuta kwa wazee. Watu husifu ngoma na sauti ya ningi anayeongoza wimbo, na kweli huo ndio mwendo wa kazi. Lakini tazama shamba lenyewe. Udongo uliogeuzwa uko mbele ya kila mwenye jembe, naye anaona mwenyewe amefika wapi na nani amebaki nyuma. Msimamizi wa kumwambia ni wa nini?

Nawasihi wenzangu mnaoongoza vikundi vya vijana katika mkoa huu, wa chaki, wa maziwa, wa alizeti: kabla hamjawalaumu kwamba hawajitumi, waonyesheni mauzo, hasara na maneno ya mteja jinsi yalivyo. Daftari letu sasa linaning'inia kwenye msumari mlangoni mwa karakana, kalamu imefungwa kwa uzi, na mwandiko wangu humo ni mchache kuliko wa wengine wote.