Ziwa Lilishalo na Kulizalo: Siku ya Mwisho ya Likizo Mjini Mwanza

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, wengi wetu tufanyao kazi mijini tuna desturi moja. Siku ya mwisho ya likizo huwa tunaipoteza kwa kufunga mizigo, kuhesabu nauli iliyobaki na kununua zawadi za haraka haraka stendi. Safari hii sisi wanne tuliapa kutofanya hivyo. Tulikuwa mwalimu wa shule ya msingi, fundi mitambo wa bandarini, dada mmoja muuguzi, na mimi mwandishi wa makala haya. Tulisoma pamoja sekondari, na baada ya miaka mingi ya kuahidiana, hatimaye tulifaulu kuchukua likizo wakati mmoja. Siku kumi na mbili tulikuwa wageni wa mama yake muuguzi huko Bukoba. Siku ya kumi na tatu tuliitenga kwa ajili ya kuutembelea mji wa Mwanza, kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam.

Fundi alitamani tutoke Bukoba kwa meli, tulale majini na kuamkia Mwanza. Muuguzi alikataa katakata. "Ninyi pandeni meli," alisema, "mimi nitawakuta huko kwa basi." Tukaona si uungwana kumwacha mwenyeji wetu, nasi sote tukapanda basi. Tulidhani anachelea kichefuchefu.

Basi lilipita Geita na Sengerema, likaingia katika Daraja la J. P. Magufuli, lile lenye urefu wa takriban kilometa 3 linalounganisha Busisi na Kigongo, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani hapo magari yalikuwa yakipanga foleni kusubiri kivuko. Sasa ni mwendo wa dakika chache tu. Abiria wote walisogea madirishani, simu zikatolewa kupiga picha. Nilipogeuka kumwonyesha muuguzi maji yalivyometa, nikamkuta amefumba macho, mikono yake imeng'ang'ania kiti cha mbele.

Asubuhi ya siku ile ya mwisho tulianzia Kamanga, katikati ya mji, pale vivuko viendavyo ng'ambo ya ghuba hutia nanga. Jirani na hapo limesimama jiwe maarufu la Bismarck, waliloliita Wajerumani kwa jina la Chansela wao, baada ya kuufanya mji huu kituo chao cha utawala mwaka 1892. Ukilitazama utadhani limewekwa juu ya mawe mengine kwa mkono wa mtu, na kwamba upepo wa leo jioni utaliangusha. La hasha! Miamba ya Mwanza, kwa mujibu wa wataalamu, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza walikuja wakaondoka, nalo jiwe lingali limekaa vile vile. Vilimani nyumba zimejengwa juu ya mawe na kati ya mawe, hata mtu hushangaa mama mwenye ndoo kichwani anapandaje kila siku.

Kutoka hapo tulitembea hadi Makoroboi, mtaa uliopata jina kutokana na koroboi, zile taa ndogo za mafuta ya taa ambazo mafundi walizitengeneza kwa makopo yaliyotupwa. Kisha tukaenda Kirumba, kwenye soko la Mwaloni, ambako magunia ya dagaa hupangwa kama matofali na kupakiwa kwenye malori ya kwenda mbali. "Mwangaluka!" tulisalimiwa na akina mama wa sokoni, nasi tukaitikia kwa Kisukuma chetu cha kubahatisha, wakacheka sana. Hapo ndipo mtu huelewa maana ya ziwa hili. Lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake imo katika nchi yetu. Sangara, ambaye aliletwa humu katika miaka ya 1950 na 1960, aliwamaliza furu wengi, lakini pia alileta viwanda na ajira. Minofu yake husafirishwa hadi Ulaya, na mifupa yake, iitwayo mapanki, imelisha familia nyingi za hapa hapa.

Ilipofika adhuhuri tulikuwa Kapripoint, tukingoja mashua ya kwenda Saanane. Kisiwa hicho kidogo kina jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi huko kabla Serikali haijakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Mwalimu na fundi waliingia mashuani wakiwa na furaha ya watoto. Muuguzi alibaki amesimama ufukoni. "Nendeni tu," alisema. Nikaona si vema abaki peke yake, nami nikabaki.

Tulikaa juu ya jiwe, chini ya kivuli cha mti. Kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha, macho yake yakiwa majini, akasema taratibu, "Baba yangu alikuwa ndani ya Mv. Bukoba."

Ndugu msomaji, nilimfahamu dada huyu zaidi ya miaka ishirini. Nilijua kwamba hana baba. Sikuwahi kuuliza alikufaje.

Wasomaji wetu wenye umri wanaikumbuka siku ile. Asubuhi ya Mei 21, 1996, meli ya Mv. Bukoba, iliyoondoka Bukoba usiku uliotangulia na kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Ubavu wake ulibaki ukielea, na juu yake watu wachache waliosalimika. Ubavu ulipotobolewa ili kuwaokoa waliokuwa ndani, hewa ilitoka na meli ikazama kabisa. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Taifa zima liliomboleza kwa siku tatu.

"Nilikuwa na miaka minane," aliendelea. "Baba alikuwa akileta ndizi Mwanza. Aliahidi kuniletea viatu vya shule. Mama alikaa karibu na redio siku tatu hakupika. Mwili wake hatukuupata. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma. Mama alikwenda mara moja. Mimi sijawahi kufika."

Nilimwuliza, "Ungependa twende?" Hakujibu. Akaokota kijiwe, akakishika tu mkononi.

Wenzetu waliporudi wakisimulia habari za pimbi na swala, waliona nyuso zetu wakanyamaza. Nikawaeleza kwa maneno machache. Fundi, ambaye kwa desturi yake hawezi kukaa dakika tano bila utani, alizima simu yake akaitia mfukoni. "Dada," alisema, "muda tunao. Basi letu ni la kesho alfajiri." Muuguzi akainuka. Tukapanda daladala la kwenda Igoma, upande wa barabara iendayo Musoma.

Sitaeleza mengi kuhusu makaburi yale. Yako kimya, na nje yake maisha ya mji yanaendelea, pikipiki zinapiga honi na wachuuzi wanaita wateja. Muuguzi alitutangulia hatua kadhaa, akapiga magoti, akasali kwa Kihaya. Alipomaliza aliweka chini kile kijiwe cha Kapripoint. Alipotugeukia alikuwa amelia, lakini sauti yake ilikuwa imetulia. "Sijui kama yuko hapa au yuko kule majini," alisema. "Lakini leo nimemwamkia." Kisha akasema jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitarajia: "Sasa nipelekeni Kamanga. Nataka kuvuka."

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipokata tiketi. Kivuko kilijaa wafanyakazi wanaorudi ng'ambo, baiskeli, magari na akina mama wenye mabeseni matupu. Muuguzi alikaa katikati yangu na mama mmoja mzee aliyepakata sukari na mche wa sabuni. Injini iliponguruma aliushika mkono wa mzee yule bila kumjua.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, naogopa maji."

"Marahaba, mwanangu. Umefiwa humu?"

Alitikisa kichwa kukubali. Mama yule hakuuliza zaidi. "Mimi nilifiwa na mdogo wangu," alisema. "Wiki ile ile nilivuka, maana watoto walitaka kula. Ukivuka nao uoga, nao unachoka." Wakashikana mikono hadi ng'ambo, karibu nusu saa, wakizungumzia bei ya sukari.

Ng'ambo ya pili hatukufanya kitu. Tulikunywa chai, tukala muhogo wa kuchoma, tukarudi kwa kivuko kilichofuata. Wakati wa kurudi muuguzi hakukaa. Alisimama penye kizuizi, akaitazama Mwanza ikiwasha taa zake, moja moja, kilima baada ya kilima. Alimwomba fundi ampige picha. "Nitampelekea mama," alisema.

Ndugu msomaji, utalii si kazi ya wageni wenye fedha za kigeni peke yao. Nchi hii ni yako, na likizo yako ni haki yako. Nenda Mwanza, ukaone jiwe la Bismarck, ukapande mashua ya Saanane, ukale sato kando ya maji. Ila usiondoke bila kupita Igoma, kwa maana mji huu hauwezi kuelezwa kwa mawe na samaki tu.

Na utakapovuka, usione haya kuuliza boya la kujiokolea liko wapi, wala kukataa kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama wenye haraka watakucheka. Septemba 20, 2018, kivuko cha Mv. Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa, miaka ishirini na miwili baada ya Mv. Bukoba. Nao pia walikuwa na watoto waliongoja zawadi nyumbani.

Alfajiri tulipanda basi letu. Muuguzi alikuwa na kifurushi kimoja ambacho jana yake hakikuwapo. Nilipomwuliza ni kitu gani, alikifungua kidogo nikaona: jozi ya viatu vyeusi vya shule, saizi ya mtoto wa miaka minane. "Vya binti yangu," alisema, akakifunga tena na kukipakata mpaka Dar es Salaam.