Tandemu Yetu Ina Vipuri vya Kampuni Nne, na Hilo Si Tatizo

Wiki iliyopita niliweka video ya ile baiskeli ya watu wawili niliyoijenga, na imetazamwa kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuweka. Kuna sehemu niliikata. Nitaifikia, lakini kwanza wacha nitetee jambo moja, kwa sababu nimechoka kuambiwa na wasee wa baiskeli za laki tatu kwamba baiskeli ya kuchanganya vipuri ni takataka.

Hapa Nyeri mkono wa gia ukivunjika, yaani ule mkono wa nyuma unaosukuma cheni kutoka meno haya hadi yale, huendi dukani kuchagua rangi. Unaenda kwa fundi, fundi anamwaga debe la vyuma chini, mnachuchumaa, mnachagua kilichopo. Na kilichopo kimetoka kwenye baiskeli za mtumba za kila aina. Kuna Shimano ya Japani, kuna SRAM ya Marekani, kuna cheni za KMC za Taiwan, na kuna vitu vizuri tu ambavyo jina lake lilishafutika. Ukimwambia mtu wa Karatina anunue seti nzima ya kampuni moja, umemwambia atembee kwa miguu.

Kwa hivyo tunachanganya. Swali ni kama unajua unachochanganya.

Hiyo tandemu niliijenga kwa sababu ya anko wangu, ndugu yake mum. Zamani alikuwa anapeleka maziwa Kiganjo kwa Black Mamba, madebe mawili nyuma, alfajiri, kabla bodaboda hazijajaa kila kona. Halafu presha ya macho ikamnyang'anya macho kidogo kidogo. Sasa anajua mchana na usiku, basi. Lakini masikio yake, eh! Tukikaa nje jioni baiskeli ikipita anakuambia, "Huyo beringi zake za nyuma zimekwisha." Na zimekwisha kweli.

Siku moja nilimsomea habari za Douglas Sidialo, yule Mkenya aliyepoteza macho kwenye bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, na baadaye akaendesha tandemu kutoka Kairo hadi Cape Town. Anko akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Mimi sina haja na Cape Town. Nipeleke Naro Moru."

Tandemu yenyewe niliipata Nanyuki, kwa familia iliyokuwa inahama na kuuza kila kitu hadi sufuria. Fremu nzima, magurudumu mazima, vitu vya kuendeshea vyote vimechoka. Niliinunua nikijiambia kwamba nilisoma uhandisi miaka miwili kabla sijaacha chuo, nitashindwaje na baiskeli?

Kwa wale hamjawahi kuiona kwa karibu, tandemu ina cheni mbili. Moja inaunganisha kranki za mbele na za nyuma, ili miguu ya watu wawili izunguke pamoja. Ya pili inatoka kranki za nyuma kwenda gurudumu la nyuma, kama baiskeli ya kawaida. Shikeni hapo: mtu wa mbele hajaunganishwa na gurudumu. Ameunganishwa na mtu wa nyuma. Nguvu zote za mbele zinapitia kwenye hiyo cheni ya kuunganisha, na sahani zake mbili lazima ziwe na meno sawa. Ukiweka 42 mbele na 44 nyuma, wa mbele akizungusha mara 22 wa nyuma amezungusha 21, na hamtapatana hata mkifunga ndoa.

Tatizo la kwanza lilikuwa kranki ya mbele ya kushoto. Tandemu nyingi huweka cheni ya kuunganisha upande wa kushoto, kwa hiyo zina kranki maalum yenye sahani upande huo. Ya kwetu tundu la pedali lilikuwa limelika nyuzi. Kijana mmoja pale kwa fundi akasema rahisi tu, chukua kranki ya kulia ya kawaida, igeuze, ifunge kushoto. Fundi mwenyewe, mzee wa miaka sabini hivi, alicheka hadi akaweka spana chini. Pedali ya kulia hufungwa kwa kuzungusha kulia, ya kushoto hufungwa kinyume. Ukihamisha kranki ya kulia upande wa kushoto, kadiri unavyokanyaga ndivyo pedali inavyojifungua. Inakaza vizuri tu ukiwa umesimama. Itakuachia njiani.

Mzee akapata njia nyingine, na hapa ndipo nilipompa heshima zangu zote. Kranki ya nyuma upande wa kulia ilikuwa na sahani tatu, 42, 32 na 22. Tukahamisha cheni ya kuunganisha upande wa kulia, ikalala kwenye sahani kubwa. Mbele tukafunga kranki ya kawaida isiyo na jina yenye meno 42. Sahani kubwa ya kuendeshea tukaipoteza, tukabaki na mbili ndogo. Kwa mtu wa Mombasa hiyo ni hasara. Kwa mtu wa milima hii, nani ana haja nayo?

Gia za nyuma zilinitoa jasho zaidi. Shifta ilikuwa Shimano ya gia tisa. Kwenye debe nikapata mkono wa SRAM, msafi, wa gia tisa pia. Tisa na tisa, si ni sawa? Si sawa. Shifta ya Shimano ya aina hiyo huvuta waya kama milimita 2.5 kila ukibonyeza, na mkono wa Shimano huzidisha huo mvuto hadi cheni inasogea kama milimita 4.3, umbali wa jino hadi jino. SRAM walichora hesabu yao tofauti: shifta yao huvuta waya karibu milimita 4, na mkono wao hauzidishi sana. Ukioanisha shifta ya Shimano na mkono wa SRAM, unabonyeza gia moja na cheni inafika katikati ya safari. Nilipoteza jioni mbili nikikaza na kulegeza waya kama mpiga gitaa. Hakuna kukaza kunakoponya hesabu. Nikarudi kwa debe, nikapata mkono wa Shimano uliokwaruzwa vibaya, ukafanya kazi mara ya kwanza.

Lakini kaseti, yale meno ya nyuma, ni ya SRAM, na imekaa hapo bila shida, kwa sababu kwa gia tisa nafasi kati ya meno ni ileile na inaingia kwenye habu ya Shimano. Cheni ya gia ni KMC, nayo haina ugomvi na mtu. Kwa hivyo mtu akikuambia "usichanganye kampuni", muulize kampuni gani, kwenye kipuri kipi, gia ngapi. Akishindwa kujibu, huyo anakuuzia uoga.

Sasa ile cheni ya kuunganisha.

Kati ya kranki na kranki ni sentimita 70. Ukipiga hesabu na sahani za meno 42, unahitaji pingili 152. Cheni ya kawaida ya dukani ina pingili 116 hivi. Lazima uunge. Nilikuwa na cheni mpya ya gia nane, nikahitaji kipande cha pingili 36. Mzee alikuwa amefunga siku hiyo, na mimi nilitaka kurekodi Jumamosi asubuhi mlima ukiwa wazi. Nikapata kipande cha cheni ya gia tisa chumbani kwangu. Umbali wa pini hadi pini ni nusu inchi kwenye zote mbili, na nilikuwa nimejua hivyo tangu zamani, kwa hiyo nikajiambia cheni ni cheni. Ila ya gia nane ina upana wa milimita 7.1 kwa nje, na ya gia tisa 6.6. Nilipoiunga, pini ya ile nyembamba iliingia lakini haikutokeza upande wa pili vile inavyotakiwa. Niliona. Nilizungusha pedali kwa mkono, ikapita kwenye meno, nikasema itashika.

Jumamosi tukatoka Chaka. Mlima Kenya upande wetu wa kulia, mweupe juu, na anko anauliza kila baada ya dakika chache, "Umejifunika?" Namwambia bado. Anakanyaga kama mtu anayedaiwa. Kamera iko kwenye usukani, na ninajua tayari ni video nzuri.

Hatujaenda mbali akasema, "Kijana, hiyo tik ni ya nini?"

Mimi sikuisikia. Yeye alikuwa ameihesabu: inakuja kila baada ya mizunguko mitatu na nusu hivi ya pedali. Nyinyi mnaopenda hesabu gawanyeni 152 kwa 42 muone. Ilikuwa ni ile pingili niliyounga, inapita kwenye meno. Nikajua papo hapo. Na nikamwambia, "Ni cheni mpya, anko, inajizoesha."

Akasema sawa. Angefanya nini? Mtu wa mbele ana usukani, ana breki, ana macho. Wa nyuma ana pedali na neno lako.

Ilikatika kwenye mwinuko, tukiwa tumesimama wote wawili juu ya pedali, kilo mia moja na arubaini na kitu zikivuta pini ambayo haikuwa imeshika vizuri. Miguu yangu ilianguka kwenye hewa. Nikagonga fremu mahali ambapo sitapaeleza. Usukani ukaenda kulia, matatu ikapiga honi nyuma yetu, nikaurudisha kushoto kwa nguvu, tukashuka lami, tukalala kwenye nyasi. Anko alichunika viganja vyote viwili na kiwiko. Alibaki amekaa hapo anapapasa nyasi, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Nilisikia miguu yako imetoka."

Kisha akasema, "Uliunga."

Nikasema ndiyo.

"Ulijua?"

Nikasema ndiyo.

Hakunigombeza. Ningependelea anigombeze. Aliniomba nimpe ile cheni, akaipitisha vidoleni pingili moja moja hadi akafika pale pini ilipotoka, akashika hapo, akairudia mara mbili tatu. Akanirudishia. Halafu akauliza cheni ya nyuma iko sawa. Iko sawa. "Basi panda. Wewe shika usukani. Mimi ndiye niko na cheni."

Na hiyo ndiyo sehemu niliyoikata. Anko wangu, asiyeona, viganja vinavuja damu amevifunga kwa leso, alinibeba hadi Chaka. Njia ya kurudi nyingi ni mteremko, lakini kuna vipanda, na kwenye kila kipanda nilikaa mbele miguu ikiwa kwenye pedali zisizofanya kazi yoyote, nikimsikia anahema nyuma yangu. Kazi yangu ilikuwa kusema: shimo, tuta, gari linapita, sasa kona. Kamera ilirekodi yote. Nilipofika nyumbani nikaona vile ninavyoonekana, nikafuta dakika kumi na moja, nikaweka muziki juu ya mlima.

Kwenye maelezo ya video niliandika kwamba tandemu ya vipuri mchanganyiko "ilifika bila shida". Kuna mtu wa Othaya ameniandikia anataka kumjengea dada yake asiyeona moja kama hiyo, na ameuliza hiyo cheni niliiunga vipi. Ndiyo sababu naandika leo.

Niliiunga vibaya. Usifanye hivyo. Bado naiunga, kwa sababu cheni ndefu ya tandemu hapa sijaipata, na bado ni kampuni mbili tofauti: KMC pingili 116, Shimano pingili 36. Lakini zote ni za gia nane, upana mmoja, na nimezifunga kwa pingili mbili za kufunga kwa mkono za upana huohuo, kila mwisho moja. Halafu unakaza kwa kuzungusha kile kikombe kisicho katikati kilichobeba ekseli ya kranki za mbele, hadi cheni ikinyanyuliwa kwa kidole inacheza kidogo tu. Video nimeishusha. Nitaiweka tena na zile dakika kumi na moja, nilikuwa sijazifuta kabisa kwenye kadi.

Anko amekagua cheni mpya kwa vidole, pingili zote 152, ilimchukua karibu nusu saa na chai ikapoa. Jumamosi tunajaribu Naro Moru tena. Amesema safari hii kile kifaa cha kutoa pini kitakaa mfukoni mwake.