Mzigo na Mgongo wa Binti

Yeyote ashukaye bandarini Kalundu saa ile mashua zinapofika kutoka Baraka ataona jambo ambalo sisi wenyeji tumelizoea mno hata hatulitazami tena. Wanaume huteremsha magunia ya unga, madumu ya mawese na vifurushi vya ndagala. Kisha sehemu kubwa ya vitu hivyo hupanda njia migongoni mwa wanawake. Baadhi yao ni akina mama wazima. Wengine ni mabinti wa miaka kumi na sita au kumi na saba, nami nawafahamu, kwa kuwa asubuhi huketi mbele yangu darasani.

Mmoja wao hukaa ameinamia upande wa kushoto, na ifikapo saa nne huanza kujikandamiza kiunoni kwa ngumi. Nilipomwuliza kama anaumwa, alijibu kwa adabu: “Hapana, Mwalimu, ni uchovu tu.” Karo yake hutoka katika magunia hayo. Basi, mwalimu amwambiaye binti kama huyo aache kubeba amemwambia aache shule.

Kwa hiyo yafaa kwanza tuelewe mgongo wenyewe. Uti wa mgongo ni kama mlingoti wa mashua: hausimami kwa nguvu zake peke yake, bali hushikwa na kamba pande zote. Kamba hizo ndizo misuli. Ukichukua dumu la maji la lita 20 kwa mkono wa kuume, misuli ya upande wa kushoto sharti ivute kwa nguvu ili usianguke. Tena, misuli iliyokazwa muda mrefu hubana mishipa yake ya damu, nayo ikikosa damu ya kutosha huchoka na kuuma. Ikilegea, uzito hukaza zaidi zile kano na vile vipande laini vilivyo katikati ya pingili. Kwa kijana ambaye mifupa yake haijakomaa, hilo si jambo dogo.

Wale wabebao kwa ukanda upitao juu ya paji la uso, kama ilivyo desturi katika milima yetu ya Kivu, hawapindi upande. Lakini huinama mbele, na shingo hufanya kazi ya punda. (Mabinti wa mjini wanaotundika mfuko mzito begani pale pale kila siku wasicheke, hesabu ni ile ile, ila ni ndogo.)

Je, kubeba ni kubaya daima? La. Mwaka 1986 wataalamu waliwapima wanawake wa Kenya, Waluo wabebao kichwani na Wakikuyu wabebao kwa ukanda, wakatangaza habari iliyowashangaza wengi: wanawake hao waliweza kubeba mzigo uliofikia sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Waliowapima wanawake wa Afrika Kusini baadaye hawakuona faida hiyo kwa kila mtu. Hata hivyo, tuikubali kwa leo. Binti wa kilo 50 angepata nafuu hiyo kwa kilo 10. Gunia la saruji lina kilo 50.

Nasema wazi kwamba ninachokichukia si mzigo, bali sifa. Kwetu msichana husifiwa kwa ukubwa wa gunia lake. Wakwe humtazama akipanda mlima wakasema, “Huyu ni hodari,” huku kaka yake akimfuata nyuma ameshika redio. Binti asikiaye sifa hiyo huongeza kilo tano kesho, na kumi kesho kutwa, tena hatasema kwamba anaumwa, maana kusema hivyo ni kujishusha thamani. Mwaka 1967 mataifa yaliyokutana Geneva katika Shirika la Kazi la Kimataifa yalipatana kwamba mizigo ya wanawake na vijana iwe myepesi sana kuliko ile ya wanaume wazima. Bandarini sijaona mizani ya namna hiyo.

Enyi wafanyabiashara, gunia la kilo 50 laweza kugawanywa mara mbili pale pale mashuani, na malipo yakabaki yale yale kwa safari mbili. Enyi wazazi, msimpandishie binti mzigo akiwa ameinama kiuno. Achuchumae, mzigo uwe karibu na mwili, na awepo mtu wa kumwinulia na wa kumtua. Anayebeba kwa mkono agawe sawa kulia na kushoto. Apumzike njiani kabla misuli haijaanza kutetemeka. Maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, aache mzigo siku hiyo hiyo na aende zahanati, asingoje dawa ya kuchua.

Shuleni kwetu maji ya kusafishia madarasa yalichotwa na wasichana peke yao miaka yote. Tangu muhula uliopita wavulana huchota kwa zamu, nusu dumu kila mmoja. Walinung’unika juma moja. Juma la pili mmoja wao, kijana mwenye kifua kipana, alikuja kuniuliza mama yake anawezaje kupanda na madumu mawili.