Paa ni la Nani?

Mamangu anashona mapaa. Nikisema hivyo Nairobi, watu hudhani Kiswahili kimenipotea, kwa sababu paa kwao ni mabati au zege. Mombasa hakuna anayeuliza. Hapa tuktuk ziko kila kichochoro, na paa la tuktuk ni kitambaa kilichovutwa juu ya mifupa ya chuma. Kitambaa kinachoka na chuma kinabaki, kwa hiyo kazi haiishi.

Kibanda chake kiko Majengo. Ndani mna cherehani nzito ya kushonea ngozi, marobota ya reksini na mkebe wa gundi usiofungika vizuri. Tangu niache chuo, asubuhi mimi ndiye mkono wake wa pili: navuta, nashika, napaka gundi. Jioni naandika makala za watu kwa malipo.

Kazi huanza na paa la zamani. Halitupwi. Mama hulifumua mshono kwa mshono kwa wembe, akalitandaza juu ya reksini mpya na kulichora kwa chaki. Lakini hakati pale mstari unapopita. Paa lililokaa juani miaka limevutika, na ukilinakili lilivyo utakuwa umeshona kanzu. Kila upande anapunguza kidogo, kisha paa jipya tunalianika lipate joto na kulainika. Hapo ndipo tunalivalisha, na hapo ndipo mwenye tuktuk hupiga kelele kwamba limekuwa dogo. Ndivyo linavyotakiwa. Tunaanza katikati mbele, katikati nyuma, halafu kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtu anayekaza nati za gurudumu. Kona ni za mwisho. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mikunjo yote itakimbilia upande wa pili na kukaa huko.

Kila mahali chuma kinapogusa kitambaa, tunafunga kwanza kipande cha tyubu kuukuu. Paa mara nyingi huliwa palepale linaposuguana na chuma, polepole, mpaka siku moja unaona mwanga.

Watu wanaogopa mvua. Mama anaogopa jua. Jua hukausha reksini ikapasuka, na hula uzi kabla ya kula kitambaa. Mara nyingi paa linakuja likiwa zima, mishono ndiyo imeachia. Uzi wa pamba una uzuri wake kwenye turubai: ukilowa unafura na kuziba tundu la sindano. Ila unaoza. Uzi wa poliesta unakaa zaidi, lakini haufuri, kwa hiyo mshono lazima uzibwe kwa ndani. Halafu kuna kunguru. Wanachoacha juu ya paa kisilale hapo. Kioshe siku hiyohiyo, maji na sabuni ya kawaida, brashi laini. Dawa ya kutoa madoa weka mbali kabisa.

Mwaka jana, kabla ya mvua ya masika, ilikuja Mazda MX-5 nyekundu kutoka Nyali. Ilikuwa ya toleo la kwanza, lile lililotoka mwaka wa 1989: viti viwili, na paa jeusi unalolifungua na kulikunja nyuma ya kichwa chako. Mwenyewe alisema linavuja, zulia linanuka, anataka paa jipya, bei si tatizo. Mimi kichwani nilishalipa kodi ya kibanda.

Mama hakugusa futi. Alichukua jagi la maji akamwaga taratibu juu ya paa, akainama kuangalia yanakokwenda. Kwenye gari lile maji hupokewa na mfereji mwembamba nyuma ya viti, yakatokea kwenye mashimo mawili, moja kila upande, na kushuka karibu na magurudumu ya nyuma. Upande wa kushoto hayakushuka. Yalijaa, yakafurika ndani. Tulivuta shimoni bonge la majani ya mwarobaini.

"Baba, paa lako zima," Mama alimwambia. "Gari unaliegesha chini ya mti?"

Kilichokuwa kibovu ni kioo cha nyuma tu, ambacho kwa gari lile ni plastiki iliyozungushiwa zipu. Kilikuwa kimegeuka manjano na kina ufa katikati. Tukashona plastiki mpya, Mama akampa masharti: fungua zipu ulaze kioo kabla ya kukunja paa, usilikunje likiwa na maji, litaota ukungu, usifute plastiki kwa kitambaa kikavu, vumbi linaikwaruza, na kila baada ya wiki chache kagua yale mashimo. Yule mzee aliandika yote kwenye simu. Amerudi mara moja tu, kutuonyesha zulia limekauka. Na kwa nini asingeshika masharti? Gari ni lake, paa ni lake, na maji yakiingia yanamlowesha yeye.

Kwa tuktuk mambo hayako hivyo. Mwenye tuktuk yuko kwake. Dereva anapeleka hesabu kila siku, na kilichozidi ndicho chake. Wengi wamekubaliana kwamba matengenezo makubwa ni ya mwenye mali na madogo ni ya dereva. Sasa niambie, paa ni kubwa au dogo? Injini ikizima, tajiri atakuja mbio, kwa sababu hesabu imesimama. Paa likipasuka tuktuk bado inatembea. Anayelowa ni dereva na abiria wake, na abiria akilowa leo, kesho anapanda nyingine.

Masika hayohayo alikuja dereva mmoja kijana, rika langu. Paa lake lilikuwa na viraka juu ya viraka, na tajiri wake alikuwa amemwambia hilo ni jambo la gundi. Mama akamshonea jipya kwa mkopo: shilingi 100 kila jioni, siku 45. Kila siku magharibi ikikaribia, alisimama nje bila kuzima injini, akanipa noti, nikatia alama kwenye daftari. Siku ya 20 na kitu hakuja. Siku iliyofuata tuktuk ilipita na dereva mwingine, chini ya paa letu.

Tajiri alikuwa amemnyang'anya gari akampa jamaa yake. Paa lilikuwa limepigwa riveti kwenye chuma, likaenda na chuma. Deni likabaki kwa kijana.

Alikuja kwa miguu wiki mbili baadaye, na noti mkononi.

"Weka pesa yako," Mama akasema. "Paa unalo?"

"Sina, Mama. Lakini nilikubaliana na wewe, si na yeye."

Mama aliipokea ile mia. Nilishangaa, kisha nikaelewa kwamba kumrudishia kungekuwa kumwambia neno lake halina thamani. Lakini aliniambia nifute ukurasa uliobaki, na yule kijana nilimwona akikaa kwenye benchi letu muda mrefu kabla ya kuondoka.

Baada ya hapo Mama aliacha kupiga riveti kwa dereva yeyote anayelipa mwenyewe. Alinunua utepe mnene wa kufungia mizigo na bakali za plastiki, akaanza kushona paa la mikanda: mitatu kila upande, miwili mbele, miwili nyuma. Linavaliwa na kuvuliwa kwa mkono, dakika 10 hivi, bila spana. Si zuri kama la riveti. Upepo wa kusi ukivuma linapiga kelele pembeni, na mikanda inalegea, kwa hiyo lazima ikazwe kila wiki. Madereva wanaikaza wenyewe. Wanaliosha pia, na kunguru hawapewi hata saa moja. Mengine yamemaliza mwaka na mshono haujaachia, jambo ambalo zamani tulikuwa hatulioni kwa urahisi.

Baadhi ya matajiri wamelalamika kwamba Mama anawafundisha madereva ujeuri. Yeye huwajibu kwamba wakilipia paa, riveti zipo, anazipiga bure.

Kwa hiyo ukipita mitaa yetu usiku ukaona tuktuk imelala nje, mifupa mitupu, usidhani imeibiwa. Dereva amepeleka hesabu, amerudisha ufunguo, na paa lake ameingia nalo ndani.