Mkokoteni wa Ngaramtoni

Ukitoka Arusha mjini kwenda Ngaramtoni siku ya gulio, utawaona akina mama wakiteremka kutoka upande wa Mlima Meru, mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni. Sisi wauguzi shingo hizo tunazijua. Lakini wengine hutembea mikono mitupu kando ya punda, mzigo ukifuata juu ya mkokoteni wenye ekseli ya gari bovu.

Fundi huichukua ekseli ya pikapu iliyokwisha, huikwangua kutu, huweka beringi mpya na grisi, kisha huchomelea fremu. Gurudumu likizunguka vizuri, punda hapati taabu kubwa.

Mama mwenzangu, kabla hujalipa, dai risiti ya ekseli yenyewe. Chuma cha wizi huleta polisi mlangoni. Kisha uliza breki. Huku kwetu ni milima; bila breki mzigo humsukuma mnyama mteremkoni, na mtoto aliyepakiwa juu ndiye huanguka kwanza. Usijaze kupita kiasi: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humlinda punda, na hata kitabu cha Mithali hakikumsahau mnyama wa kazi. Nyuma bandika vibandiko vya kung'aa, kwani barabara ya Namanga ina malori jioni.

Baba akitaka tela la kuvutwa na gari, hilo ni jambo jingine. Lisajiliwe TRA, lipate namba yake na taa za nyuma, ndipo liingie barabarani. Akisema mtaliandikisha baada ya mavuno, mwambie lisubiri uani mpaka mavuno.