Kutoka Ipole hata Mafia Kuhesabu Papa Potwe

Ipole yetu iko kusini ya Sikonge, pale barabara itokayo Tabora inapogawanyika, moja kwenda Mpanda na moja kwenda Rungwa. Zamani vijana wa Unyamwezi walichukua pembe za ndovu mabegani toka Tabora hata Bagamoyo, wakarudi wamekwisha kuiona bahari. Mimi nami nalishuka pwani, nikavuka toka Nyamisati hata Mafia, si kwa mzigo, bali kwa kujitolea kuhesabu samaki.

Samaki huyo ni papa potwe, mkubwa kupita samaki wote duniani. Aweza kufika mita 18, lakini wale wa Mafia wengi wao ni wachanga wasiofika mita 9. Hamdhuru mtu; chakula chake ni vijidudu vya maji na samaki wadogo. Toka Oktoba hata Februari huonekana juu ya maji karibu na Kilindoni. Twalimtafuta kwa mashua, mmoja akitazama mbele, mwingine akiandika saa na mahali.

Samaki asiye na chapa huhesabiwaje? Ngozi yake ina madoa meupe, na yale ya nyuma ya matamvua hayafanani kwa papa wawili. Basi mzamiaji humpiga picha ubavuni, kisha picha hulinganishwa na za zamani. Kwa njia hii papa zaidi ya 100 wamekwisha kutambuliwa. Tena vyombo vidogo walivyofungwa vimeonyesha kwamba wengi hukaa karibu na Mafia mwaka mzima, ingawa hawaonekani juu.

Neno hili si dogo. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, iko kusini na mashariki. Maji ya Kilindoni yako nje yake. Wavuvi nao hufuata dagaa wale wale wafuatwao na potwe, hata pengine humzingira katika nyavu. Mvuvi ana watoto wa kulisha, na wavu ukipasuka hasara ni yake. Kwa hiyo asiposhirikishwa yeye, kuhesabu hakufai kitu, maana ndiye awezaye kumfungulia samaki.

Kwetu Ipole ni vivyo hivyo. Askari wanyamapori wa vijiji huandika nyayo waonazo msituni, lakini mrina asali ndiye wa kwanza kuuona mti uliokatwa. Tumwulize, tuandike. Wahenga walinena: Mali bila daftari huisha bila habari.