Mpuguso hadi Ziwa Masoko: Kushuka ni Bure, Kupanda ni Jasho

Hivi ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlikaa nusu siku nzima bila simu, bila televisheni, na bila ndugu kupita "kusalimia mara moja"? Kama unajikuna kichwa, hauko peke yako. Wikiendi za kapo nyingi za mjini zimeshakuwa kama sare ya shule: nyama choma Jumamosi, ibada Jumapili, na Zanzibar mara moja kwa mwaka kama mfuko umeruhusu. Safari hii tunakupeleka kwingine kabisa, Rungwe, Nyanda za Juu Kusini, na usafiri wenyewe ni baiskeli.

Usicheke kwanza. Najua kwa wengi wetu baiskeli ni chombo cha kubebea mkaa, au zawadi ya mtoto aliyefaulu. Lakini ngoja uione barabara inayotoka Tukuyu na kupita pande za Mpuguso kushuka Masoko asubuhi, wakati ukungu haujaamua kama unaondoka au unabaki.

Mpuguso wengi wanaijua kwa sababu ya chuo cha ualimu. Walimu waliopita pale wametawanyika nchi nzima, pengine hata aliyekufundisha wewe kusoma. Tukuyu mjini ni jirani tu. Mji huu Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, wenyeji wakaendelea na la kwao. Uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake si ya mchezo: kwa mwaka inakaribia milimita 2,500, zaidi ya mara mbili ya ile ya Dar es Salaam. Ndiyo maana kila unapogeuza macho ni kijani, migomba, chai, kahawa, parachichi, na mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960 umesimama nyuma yako kama mkwe anayekuchunguza.

Tuseme mapema jambo moja ambalo halina utani. Barabara kuu ya Uyole hadi mpakani Kasumulu msiiguse kwa baiskeli. Ina lami nzuri, mandhari safi, na malori ya Malawi yanayoteremka kona kali huku breki zikinuka. Dereva wa lori hana muda wa mapenzi yenu. Pandeni basi dogo kutoka Mbeya, kama kilomita 70 hivi, mkifika Tukuyu ndipo mtafute baiskeli. Duka la kukodisha la kisasa msilitegemee. Waulizeni wenyeji wa nyumba ya wageni, au fundi baiskeli, mpatane bei kabla hamjakalia siti. Baiskeli ya gia ni bora. Mkipewa zile za Phoenix zisizo na gia, kushuka mtashuka kama wafalme, ila kurudi mtazisukuma. Kagua breki zote mbili, mnyororo, na upepo wa tairi, na msiondoke bila pampu, viraka na gundi, maana mkipata pancha katikati ya migomba mtakuwa mafundi wenyewe.

Njia ya Masoko ni kama kilomita 15 kutoka Tukuyu. Magari ni machache, bodaboda zinapita moja moja, na anayekutana nawe lazima akusalimie. Msipite kimya kama watu wa mjini. "Shikamoo" kwa wakubwa, na ukijua kusema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, utaona tabasamu linavyochanua. Wanawake wanapita na mikungu ya ndizi kichwani, wamenyooka kama wanamitindo, wala hawahemi.

Hesabu ndogo mfanye kabla ya kuachia breki. Ziwa Masoko, ambalo wenyeji wanaliita pia Kisiba, liko kwenye mita 840 hivi. Maana yake mnateremka kama mita 700, na kila mita mliyofurahia asubuhi itawadai mchana.

Ziwa lenyewe ni duara, upana wake kama mita 700, kina chake kinafika mita 38 hivi. Ni shimo la mlipuko wa volkano wa miaka kama 50,000 iliyopita likajaa maji. Halina mawimbi ya kutisha wala hoteli. Lina ukimya, miti, na watoto wanaokuja kuchungulia mmevaa nini. Kando yake kuna boma la mawe la Wajerumani, ambalo baada ya wao kuondoka lilikuja kutumika kama mahakama. Hapo ndipo mtakaposimuliwa habari ya hazina: kwamba Waingereza walipoingia Mei 1916, Wajerumani walitupa fedha na mali zao ziwani kabla ya kukimbia. Hazina yenyewe hakuna aliyeionyesha hadharani, lakini sarafu za zamani zinaokotwa, na kijana anaweza kukutolea moja mfukoni kukuuzia. Mimi nakushauri uangalie tu na umrudishie. Vitu vya kale vina sheria zake, na pale ndipo kwao.

Hazina ninayoiamini mimi ni samaki. Mwaka 2015 watafiti walichapisha katika jarida la Science habari za samaki wadogo wa ziwa hili, jamaa za perege. Wametoka katika asili moja, lakini kundi moja linakaa kwenye maji mafupi karibu na ukingo, na madume yake ni ya njano. Jingine limehamia kilindini kwenye giza, na madume yake ni ya buluu. Mgawanyiko huo umeanza ndani ya miaka kama 1,000 tu iliyopita, ambayo kwa viumbe ni kama juzi. Hakuna ukuta kati yao. Ziwa ni hilo hilo moja, kila kundi limezoea makazi yake, chakula chake, na polepole likaanza kuchagua wenza wa upande wake.

Nilimsomea mume wangu habari hiyo tukiwa tumekaa kwenye nyasi tunamenya ndizi. Yeye kazi yake iko Mbeya, yangu iko Dar es Salaam, na katikati yetu kuna kilomita zaidi ya 800. Mwaka wa pili huo. Akanyamaza, akatupa ganda, akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye wa buluu?" Tukacheka, ila kicheko kikaisha haraka kuliko kawaida.

Kurudi ndiko kulikofungua mdomo. Kwenye mlima ule huwezi kugombana, pumzi haitoshi. Unasema sentensi moja, unasukuma baiskeli hatua ishirini, mwenzako anapata muda wa kuisikia. Yeye ana miguu ya mpira, angeweza kuniacha dakika za mwanzo tu. Alishuka akasukuma ya kwake sambamba na yangu. Mama mmoja aliyekuwa na jembe begani akatupita, akatutazama, akasema, "Poleni wanangu," akapotea mbele. Tulipoanza kuziona nyumba za Mpuguso tulikuwa tumeshasema kile ambacho kwenye simu kila mara tulikizunguka: nani ataomba uhamisho, na kama hakupewa, hadi lini. Alisema ataanza yeye. Nikamwambia mimi barua yangu naiandika pia, tuone ipi itajibiwa kwanza.

Kwenu inaweza kuwa habari nyingine kabisa. Ila kama kuna jambo mnalikwepa, hiyo njia ya kurudi ni ndefu ya kutosha.

Sasa mambo ya kupanga. Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Machi hadi Mei udongo wa huku unateleza kama sabuni na breki zinabaki pambo. Juni na Julai ni baridi kweli, sweta si la urembo. Ondokeni Tukuyu saa 1 asubuhi, mwanzeni kupanda saa 6 mchana ili giza lisiwakute njiani, maana baiskeli nyingi hazina taa. Bebeni maji na ndizi mbivu. Mkitaka kuogelea waulizeni wenyeji kwanza, kingo ni za mteremko na kina kinaanza ghafla. Barabara za wilaya hii zinawekwa lami kipande kwa kipande, jambo zuri kwa mgonjwa na kwa mkulima wa ndizi, lakini lami ikishafika na magari yataongezeka, kwa hiyo msisubiri sana.

Na kama kuna atakayeshindwa mlima, bodaboda hufunga baiskeli nyuma kwa kamba ya mpira na kumpandisha hadi mjini. Atangulie akaagize chai ya maziwa yenye tangawizi na ndizi za kupika kwa watu wawili.